Je, Wajua? Okidi Haitaki Udongo Wako

Mtajie mtu okidi, naye atakuambia habari za baridi ya Lushoto au duka la maua la Dar es Salaam. Handeni na Korogwe hazimjii kichwani. Huku kunasifika kwa mkonge, machungwa, mahindi na magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara. Hata hivyo joto la huku, mvua zake mbili na kiangazi chake kirefu ndiyo hali ambayo okidi kadhaa za Afrika zimeizoea tangu enzi na enzi. Zinazokufa mikononi mwetu, nyingi huuawa na mapenzi: udongo mwingi, maji mengi, kivuli kingi. Twende kazi.

WENYEJI WA PORINI

Je, wajua kwamba okidi ni miongoni mwa familia mbili kubwa kuliko zote za mimea inayotoa maua? Zinakadiriwa kuwa spishi 28,000 hivi. Mshindani wake ni familia ya alizeti. Nyingi kati ya okidi hizo haziishi ardhini, bali juu ya miti.

Je, wajua kwamba nyanda za joto za Tanzania zina okidi yenye madoa ya chui? Kitaalamu huitwa *Ansellia africana*. Maua yake ni ya manjano yenye mabaka ya kahawia. Mengine yana mabaka machache, mengine yamekolea hadi unjano hauonekani vizuri. Shina moja la maua linaweza kubeba makumi ya maua kwa mpigo.

Je, wajua kwamba jina hilo linatokana na mtunza bustani? John Ansell, Mwingereza, aliiona mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko. Mwaka 1844 mtaalamu wa mimea John Lindley akaipa jina lake. Baadaye wataalamu waligawanyika: wengine wakasema ziko spishi mbili, wengine tatu. Siku hizi zote zinahesabiwa kuwa moja, inayopatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Kenya na kushuka mpaka Afrika Kusini.

Je, wajua kwamba okidi ya chui ina mizizi inayoelekea juu? Itazame kwa karibu. Mizizi minene imeushika mti, na juu yake imesimama mingine myembamba, myeupe, yenye ncha kali, imezunguka shina pande zote. Hiyo kazi yake ni kudaka. Majani makavu, magome na vinyesi vya ndege vikidondoka hunasa humo, vikaoza taratibu, na mmea ukajipatia mbolea pale pale ulipo. Usiikwanyue ukidhani ni uchafu.

Je, wajua kwamba okidi hainyonyi mti inaoukalia? Wakulima wengine huikwangua kwenye miembe wakiamini ni kimelea. Kimelea wa kweli, yule mwenye majani mabichi anayeota katikati ya tawi la mchungwa, hupenyeza mizizi ndani ya mti na kunyonya maji yake. Okidi hushika gome tu. Maji na madini yake hutoka kwenye mvua, vumbi na uozo unaoifikia.

Je, wajua kwamba ziko okidi zisizo na majani kabisa? Jamii ya *Microcoelia*, inayopatikana pia kwenye vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki, ni fundo la mizizi ya kijivu iliyojisokota kwenye tawi. Mizizi hiyo ina rangi ya kijani ndani yake, nayo ndiyo inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mpita njia huweza kudhani ni nyuzi zilizokwama mtini, hadi siku vitakapochanua vijiua vyeupe.

Je, wajua kwamba iko okidi ambayo ungeipita ukiidhania mkonge mchanga? Ni *Eulophia petersii*, ya vichaka vikavu vyenye mchanga na mawe. Majani yake ni magumu, manene, na kingo zake zina vimeno vidogo. Shina la maua linaweza kumzidi mtu mzima kimo. Imeenea kuanzia kusini mwa Afrika, kupitia huku kwetu, hadi Bara Arabu. Hii huishi ardhini, kwa hiyo ni miongoni mwa chache zinazokubali udongo, mradi uwe wa kokoto na usituamishe maji.

Je, wajua kwamba John Kirk, tabibu na baadaye konseli wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, naye ana okidi yake? *Aerangis kirkii* ni mmea mdogo wa misitu ya pwani, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Maua yake ni meupe, na kila ua lina mkia mrefu mwembamba nyuma yake. Humo ndimo asali inamokaa.

Je, wajua kwamba ndani ya Korogwe moja kuna hali ya hewa mbili? Mjini, kando ya Mto Pangani, uko mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukipanda Ambangulu kwenye mashamba ya chai, au ukienda upande wa msitu wa Nilo, unakuta ukungu na miti iliyovaa kuvumwani na okidi ndogo ndogo. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana okidi iliyotolewa Lushoto, mita 1,400, ikiletwa Korogwe mjini hunyauka hata ukiihudumia vipi. Chagua mmea wa mahali pako. Mcheza kwao hutunzwa.

MIZIZI NA MAJI

Je, wajua kwamba mzizi wa okidi ya mtini hukuonyesha wenyewe kama una kiu? Umevikwa tabaka la seli zilizokufa, zenye hewa ndani, linalofanya kazi kama sponji. Ukikauka huwa mweupe wa fedha. Udondoshee maji kidogo uutazame: ndani ya muda mfupi weupe unafifia na ukijani wa ndani unajitokeza. Ukiwa mweupe, mwagilia. Ukiwa bado kijani, weka kopo chini.

Je, wajua kwamba okidi nyingi zenye majani manene hupumua kwa zamu ya usiku? Mchana wa jua kali hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Usiku hufungua, huvuta hewa ya kaboni, huiweka akiba, kisha mchana huitengenezea chakula. Nanasi hufanya hivyo hivyo. Mkonge pia. Si ajabu mimea ya namna hii haitishwi na kiangazi cha Handeni.

Je, wajua kwamba kuipanda okidi ya mtini kwenye udongo wa bustani ni kuizika hai? Mizizi yake inahitaji hewa kila saa. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huiziba, mizizi inaoza, majani yanasinyaa. Mwenye mmea akiona majani yamesinyaa hudhani ni kiu, anaongeza maji, na kazi inakuwa imekwisha.

Je, wajua kwamba mkaa, unaotoka Handeni kwa malori, ni kitanda kizuri cha okidi? Chukua vipande vikubwa, kama nusu ya kiganja. Vioshe vumbi liishe, uviloweke usiku kucha, kisha uvipange kwenye chungu chenye matundu mengi au kikapu cha vijiti. Mkaa hauozi haraka, huacha nafasi za hewa, na mizizi huushika vizuri. Unga wa mkaa usiutumie, huganda na kuziba.

Je, wajua kwamba makumbi ya nazi yanafaa pia, lakini yana masharti? Yana chumvi ndani yake. Yaloweke, umwage maji, uyaloweke tena, mpaka maji yatoke bila rangi nzito. Yanashika unyevu kuliko mkaa, hivyo yanamfaa zaidi aliye kwenye jua kali na upepo. Aliye bondeni karibu na Hale, penye unyevunyevu wa mto, bora abaki na mkaa.

Je, wajua kwamba maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha za mizizi? Kama birika lako huacha ukoko mweupe, okidi yako nayo inaupata ukoko huo huo. Dawa ni maji ya mvua. Kinga maji ya bati, acha mvua ya kwanza isafishe vumbi, kisha weka ndoo. Kwa Handeni, ambako shida ya maji ni ya miaka mingi, habari njema ni hii: mmea mmoja wa wastani unatosheka na kikombe kimoja au viwili kila unapomwagiliwa.

Je, wajua kwamba saa ya kumwagilia ni asubuhi? Maji yakilala kwenye makutano ya majani usiku kucha huleta uozo unaoanzia katikati na kumaliza mmea kwa siku chache. Asubuhi jua na upepo huyakausha mapema.

NYUMBANI KWAKO

Je, wajua kwamba chungu si lazima? Mti ulio hai uani unafaa kuliko chungu chochote. Mwembe una gome lenye mikwaruzo na lisilobanduka, mkwaju hali kadhalika. Epuka mpera na mkaratusi: magome yake hubambuka, na okidi huanguka pamoja nayo.

Je, wajua kwamba kamba ya katani ni bora kuliko waya? Waya hukata mizizi na kupata moto juani. Katani hushika mmea imara kwa miezi, halafu jua na mvua huidhoofisha polepole hadi ikakatika. Kufikia hapo mizizi mipya imeshaushika mti yenyewe. Funga kwa kukaza kiasi mmea usitikisike upepo ukivuma, maana mzizi mchanga ukisuguliwa ncha hukoma kukua.

Je, wajua kwamba upande wa mashariki wa mti ndio unaofaa? Okidi ya chui inapenda mwanga mwingi, lakini jua la saa nane mchana la Februari huunguza hata iliyozoea. Jua la asubuhi, kisha kivuli chepesi cha matawi, ndiyo mizani yake.

Je, wajua kwamba rangi ya jani ni kipimo cha mwanga? Kijani kilichokoza kama cha mchicha maana yake mwanga ni kidogo: mmea utaishi, maua hutayaona. Kijani chenye umanjano kidogo ni sawa. Baka jeupe lililokauka, kisha likawa jeusi, ni kuungua. Sogeza mmea, ila jani lile usilikate kama bado lina sehemu ya kijani.

Je, wajua kwamba mashina makuukuu yasiyo na majani si takataka? Okidi ya chui hujenga mashina manene yenye mapingili, mengine hufika sentimita 60. Yale ya zamani ni ghala la maji na chakula. Ukiyakata unaupora mmea akiba yake ya kiangazi. Ukitaka kugawa shada, kila kipande kiondoke na mashina matatu au manne, vinginevyo utasubiri maua mpaka uchoke.

Je, wajua kwamba mdalasini wa unga unasaidia kidonda cha okidi? Wakuzaji wengi huupaka kidogo mahali walipokata, kwa kuwa unakausha na kuzuia ukungu. Na mdalasini hautoki mbali, unalimwa Amani, wilaya jirani ya Muheza. Angalizo: upake kwenye kidonda cha shina au jani, si kwenye mizizi mizima, kwa sababu hukausha hata visivyotakiwa kukauka.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa ncha za mizizi hutembea usiku? Konokono. Toka na tochi umwokote. Vidung'ata, wale wadudu weupe wa ungaunga, na wadudu gamba hukaa chini ya majani na kwenye mapingili. Maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini huwatosha ukiwawahi.

Je, wajua kwamba mbolea ya okidi hupimwa kwa ubahili? Tumia robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, tena wakati mmea unatoa chipukizi na mizizi mipya tu. Mwagilia maji matupu kwanza, mbolea baadaye, ili mizizi mikavu isiungue.

Je, wajua kwamba kiangazi ndicho kinachoita maua? Okidi ya chui isiyopata mapumziko ya ukavu hutoa majani mazuri na kuishia hapo. Machipukizi yakishakomaa, punguza maji. Usiogope mashina yakinywea kidogo.

NONDO, MBEGU NA VANILA

Je, wajua kwa nini okidi nyingi nyeupe za kwetu hunukia kuanzia jioni? Zinamwita nondo, na nondo anatembea gizani. Mwaka 1862 Charles Darwin alipata ua la okidi ya Madagaska lenye mkia wa asali wa karibu sentimita 30. Akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walicheka. Nondo huyo alitambulishwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amefariki miaka 21 kabla. Ndugu wa nondo huyo, *Xanthopan morganii*, anaishi huku bara.

Je, wajua kwamba tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, na kwa spishi nyingine hata mamilioni? Ni vumbi tupu linalopeperushwa na upepo. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula ndani yake. Haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina inayopatana nayo, ailishe. Mfaransa Noël Bernard aligundua siri hiyo mwaka 1899.

Je, wajua kwamba ndiyo sababu kunyunyiza mbegu za okidi chunguni ni kazi bure? Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba mbegu huota bila kuvu zikiwekwa ndani ya chupa safi yenye sukari na madini. Okidi za madukani zinazokuzwa kutokana na mbegu hupita njia hiyo. Kutoka chupa hadi ua la kwanza ni miaka, si miezi.

Je, wajua kwamba vanila ni okidi? Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Ilipoletwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilitambaa, ikachanua, ikakataa kuzaa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 hivi, Edmond Albius, alibuni njia ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo, Kagera na Zanzibar pia.

Je, wajua kwamba ua la vanila halina kesho? Hufunguka asubuhi na kusinyaa siku hiyo hiyo. Mkulima asipolichavusha mapema, tunda limekwenda. Likishika, linakaa mtini karibu miezi 9, na kilo 5 au 6 za maganda mabichi hutoa kilo 1 ya makavu.

Je, wajua kwamba vanila haistawi kila mahali Korogwe? Inataka mvua ya milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, kivuli cha wastani na mti wa kupandia. Kagera hutumia mibono na migomba. Kwa hiyo safu za Usambara zina nafasi. Tambarare za Handeni, bila umwagiliaji, hazina.

Je, wajua kwamba pwani yetu ina vanila yake ya porini? *Vanilla roscheri* ni kamba nene ya kijani inayoparamia vichaka, haina majani, na hutoa maua makubwa meupe. Imepewa jina la msafiri Mjerumani Albrecht Roscher, aliyeuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860.

Je, wajua kwamba mwaka 1893 una habari mbili? Mwaka huo Richard Hindorf alileta mkonge Tanga: miche 1,000 ilisafirishwa, 62 ikafika hai, na mashamba ya Korogwe ni matokeo yake. Mwaka huo huo, Singapuri, okidi chotara iliyopatikana kwa Agnes Joaquim ilitangazwa kisayansi. Mwaka 1981 ikafanywa ua la taifa.

SHERIA NA SHOKA

Je, wajua kwamba Tanzania ina hifadhi ya taifa inayosifika kwa maua kabla ya wanyama? Ni Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, iliyotangazwa mwaka 2005. Ina kilomita za mraba 412.9 na spishi 45 za okidi za ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Je, wajua kwamba okidi huliwa? Viazi vya okidi za ardhini huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kupelekwa Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama mkate. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi hadi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vinatoka Tanzania. Kiazi kikiliwa, mmea umekwisha.

Je, wajua kwamba okidi haivuki mpaka kiholela? Karibu zote zimo katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES, chache katika Kiambatisho cha I, na Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1979. Kuzisafirisha nje kunahitaji kibali. Kuzing'oa katika hifadhi za misitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Je, wajua kwamba okidi ya chui imo katika orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini? Sababu ni mbili: watu wanaoing'oa kwa ajili ya bustani, na shoka linaloangusha mti inaoukalia. Mti wa mkaa ukianguka, okidi yake haichomwi tanuruni. Hubaki chini, hufunikwa na nyasi, huoza mvua ya kwanza.

Je, wajua la kufanya ukiikuta hivyo? Kama ni shambani kwako, usiibandue kwa nguvu. Kata kipande cha gome au tawi pamoja nayo, uibebe na mizizi yake yote. Iweke kivulini wiki moja bila maji, majeraha yakauke. Kisha ifunge kwa katani kwenye mwembe, upande wa mashariki, masika yanapoanza mwezi Machi, ili mizizi mipya ikute unyevu. Mwaka wa kwanza usidai maua. Kama ni ndani ya hifadhi, uliza kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu wa wilaya yako. Na iliyo juu ya mti uliosimama, iache juu: mbegu zake zinahitaji upepo wa huko, na kuvu wa kuziotesha tayari yuko kwenye magome ya jirani.